Matembezi ya Vilima vya Pugu na Milango ya Mito Kuanzia Stesheni za Dar es Salaam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yaliyo hapa yameandikwa kwa ajili ya mkazi wa Dar es Salaam, au mgeni wake, anayetaka kutoka asubuhi kwa treni au kwa miguu, atembee nusu siku mahali penye miti, matope na upepo wa bahari, kisha arudi nyumbani kabla ya giza bila kuhitaji gari. Tumejibu kwa urefu yale yanayowasumbua watu zaidi, hasa suala la maji kujaa na kupwa, na kwa ufupi yale ambayo kila mmoja anaweza kuyaamua mwenyewe.

Mnaposema "stesheni", mnakusudia stesheni ipi?

Swali hili ni la msingi, kwa sababu jiji lina stesheni tatu za reli ambazo wageni huzichanganya. Ya kwanza ni Stesheni ya zamani iliyoko barabara ya Sokoine, mwanzo wa Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Ya pili ni stesheni mpya ya reli ya kisasa, yaani SGR, iliyo jirani na hiyo ya zamani, yenye paa lililochongwa kwa kuiga jiwe la tanzanite. Ya tatu ni stesheni ya TAZARA, iliyoko makutano ya barabara za Nyerere na Mandela, mbali kabisa na katikati ya mji, ambako huanza reli ya kilomita 1,860 inayokwenda Kapiri Mposhi nchini Zambia.

Matembezi yote tunayoyaeleza huanzia ama kwenye stesheni mbili za mjini, ambazo unaweza kutoka moja hadi nyingine kwa miguu, ama Pugu. TAZARA tumeiacha kando. Ni jengo zuri na linastahili kutazamwa, lakini mtu akitoka mlangoni pake anakutana na malori ya barabara ya Mandela, wala hakuna njia ya kupendeza ya kumfikisha majini.

Kuna njia zipi za kutembea?

Tunapendekeza njia tatu.

Njia ya kwanza ni ya mlango wa Mto Msimbazi. Unatoka Stesheni, unafuata barabara ya Sokoine ukiwa na bandari upande wa kulia, unapita Kanisa la Mtakatifu Yosefu na Kanisa la Kilutheri la Azania Front, majengo mawili yaliyokamilika mwaka 1902, kisha unaingia mtaa wa Samora kuelekea Bustani ya Mimea na Makumbusho ya Taifa. Kutoka hapo unatokea Hospitali ya Ocean Road na kushika barabara ya Barack Obama kando ya bahari hadi Hospitali ya Aga Khan, mahali linapoanzia Daraja la Tanzanite. Daraja hilo, lililofunguliwa mwaka 2022, lina urefu wa takriban kilomita moja juu ya maji, na njia zake za waenda kwa miguu ndizo jukwaa bora zaidi la kuutazama mlango wa Msimbazi: upande wa bara unaliona Daraja la Salenda na mikoko iliyolizunguka, upande wa pili unaiona bahari wazi. Unamalizia Coco Beach. Ni mwendo wa saa mbili na nusu hadi tatu kwa mtu asiyeharakisha.

Njia ya pili ni ya mkono wa bahari ulio kusini mwa bandari, unaopokea maji ya Mto Kizinga na Mto Mzinga. Unatoka Stesheni hadi Feri, unavuka kwa pantoni hadi Kigamboni, kisha unatembea kupitia Tungi na Vijibweni hadi Daraja la Nyerere, ambalo watu wengi wanaliita Daraja la Kigamboni, na unavuka kwa miguu kurudi upande wa Kurasini. Daraja hilo lenye urefu wa mita 680 lilifunguliwa mwaka 2016. Ukiri ni ukiri: sehemu ya katikati ya njia hii ina vumbi, matangi ya mafuta na nyumba zilizobanana, na mtu anayetafuta utulivu hataupata mapema. Anayevumilia hadi kilele cha daraja atalipwa, kwa kuwa hapo mikoko huonekana pande zote, na vijito vyake vimejikunja ndani ya kijani kibichi hadi macho yanapoishia.

Njia ya tatu ni ya vilima vya Pugu, kwenye msitu wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi, na hiyo ndiyo ya mashambani hasa. Unashuka treni Pugu, unashika barabara ya Kisarawe kwa miguu, kwa bodaboda au kwa daladala, na unaingia hifadhini kwa kibali. Humo mna vijia vya msituni, bwawa la Minaki, mandhari ya jiji kwa mbali, na machimbo ya kale ya kaolini ambayo watu huyaita mapango. Tenga saa tano au sita.

Kuna uhusiano gani kati ya vilima vya Pugu na milango ya mito, hata mkaviweka pamoja?

Uhusiano ni wa maji yenyewe. Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima hivyo, hupita Gongo la Mboto, Vingunguti, Kigogo na Jangwani, na baada ya kilomita kama 36 humwagika baharini Salenda. Anayetembea Pugu Jumamosi hii na Salenda Jumamosi ijayo ameuona mto mmoja kwenye ncha zake mbili. Ataelewa pia jambo ambalo ramani haimwelezi: kila mti unaokatwa na kila kilima kinachochunwa kokoto huko juu huonekana huku chini kama mchanga na tope chini ya daraja, na kama mafuriko Jangwani. Wakazi wa bonde hilo hawajasahau mafuriko ya Desemba 2011.

Basi je, naweza kuufuata Msimbazi wote kwa miguu, kutoka Pugu hadi Salenda?

Hatushauri. Hakuna njia moja inayoendelea kando ya mto. Mahali pengi kingo zimeliwa na maji, pengine zimefungwa na majengo au ujenzi, na maji yenyewe hubeba taka za viwandani na za majumbani, kiasi kwamba hayafai hata kuyakanyaga kwa miguu mitupu. Mradi wa uendelezaji wa bonde hilo umebadilisha sura ya eneo la Jangwani, na huenda siku za mbele pakapatikana bustani na njia za kutembea. Kwa sasa, itazame ncha ya juu na ncha ya chini, na katikati panda daladala.

Nipande treni ipi kwenda Pugu?

Kuna treni za aina mbili, na kila moja ina masharti yake. Treni ya mjini ya reli ya zamani, ambayo watu waliipachika jina la Treni ya Mwakyembe ilipoanza mwaka 2012 kwa kumtaja waziri wa uchukuzi wa wakati huo, ilianza kwa safari za Ubungo, na safari za Pugu zikaja baadaye. Imepangwa kwa ajili ya wafanyakazi, hivyo safari zake hukusanyika asubuhi na jioni za siku za kazi, na mchana hulala. Kwa mtembeaji, pengo hilo la mchana halina hasara: ukienda asubuhi na kurudi jioni, muda uliobaki katikati unalingana kabisa na muda wa kuzunguka msitu. Kosa ni kudhani kwamba kutakuwa na treni saa nane mchana kwa sababu tu umechoka.

Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024. Treni ya kawaida husimama Pugu. Ile ya haraka hupita bila kusimama, kwa hiyo angalia aina ya treni kabla ya kulipa. Tiketi hukatwa kwa kitambulisho, mizigo hukaguliwa, na mlango hufungwa kabla ya treni kuondoka. Kwa maoni yetu, kutumia SGR kwa safari ya kilomita kama 20 tu ni anasa, kwani muda wa kusubiri stesheni unaweza kuzidi muda wa safari yenyewe. Lakini kwa familia yenye watoto ambao hawajapata kuipanda treni hiyo, sababu hiyo peke yake inatosha.

Ratiba za treni zote mbili hubadilika. Iulize dirishani siku moja kabla, na uulize ya kurudi kabla ya ile ya kwenda.

Kwa nini mnasisitiza sana maji kujaa na kupwa?

Kwa sababu mtembeaji wa milango ya mito ana ratiba mbili, ya treni na ya bahari, na ya bahari haicheleweshwi wala haiahirishwi. Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, kwa kupishana kwa muda unaozidi kidogo saa sita, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika kama 50. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, tofauti kati ya maji makuu na maji makavu hupita mita tatu. Urefu huo unatosha kuufanya uwanda wa tope uliokuwa na ndege mia moja asubuhi uwe bahari tupu jioni ya siku hiyohiyo.

Hesabu ya Dar es Salaam ina utaratibu mmoja ambao ukiushika hutahitaji sana jedwali. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na karibu na mwezi mpevu, maji huwa yamejaa takriban saa kumi na nusu alfajiri na saa kumi na nusu jioni, na huwa yamekupwa kabisa katikati ya asubuhi, kuanzia kama saa nne na nusu hadi karibu saa sita. Siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa katikati ya asubuhi na kupwa jioni, ila hayajai sana wala hayakauki sana. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani ana jedwali la maji bila kujua: tarehe moja hadi tatu, na kumi na nne hadi kumi na saba, ni bamvua, tarehe nane na ishirini na mbili ni karibu na maji mafu.

Ukitaka uhakika wa dakika, tafuta jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam, au waulize wavuvi wa Feri. Jibu la mvuvi litakuja haraka zaidi na mara nyingi litakuwa na nyongeza kuhusu upepo.

Sasa ni wakati gani wa maji unaofaa kwa kila njia?

Kwa Daraja la Tanzanite na Salenda, fika wakati maji yanaendelea kukupwa, kama saa moja kabla ya kukauka kabisa, maana ndege hufuata ukingo wa maji yanaporudi nyuma na hula kwa pupa kwenye tope jipya. Siku ya bamvua, kwa hesabu tuliyoitoa, inakubidi uwe umetoka Stesheni mapema asubuhi, jambo ambalo pia linakuepusha na jua kali. Kwa Daraja la Nyerere tunapendelea kinyume chake: maji yakiwa yamejaa, mikoko husimama ndani ya maji na vijito hufunguka, ilhali maji yakikauka utabaki na harufu ya tope na mandhari ya kahawia. Njia ya Pugu haina habari na bahari.

Coco Beach nayo ina tahadhari yake. Jioni za bamvua maji hupanda hadi juu na ufuko huwa mwembamba, hivyo usipange kurudi kwa kupita mchangani.

Je, naweza kuingia ndani ya mikoko yenyewe?

Unaweza kuikaribia ukingoni, lakini kuingia ndani bila mwenyeji hakufai, kwa sababu tatu. Tope lake ni laini na linameza mguu hadi gotini. Maji yanaporudi hujaza kwanza vijito vilivyo nyuma yako kabla hujaona chochote mbele yako. Na sehemu zilizojificha si mahali pa mtu mgeni kuzurura peke yake. Ukinasa topeni, usivute mguu kwa nguvu wima. Kaa au lala nyuma ili uzito usambae, tikisa mguu taratibu mpaka maji yaingie pembeni yake, kisha utoe. Kiatu kikibaki, kiache.

Jambo la nne ni la kisheria. Misitu ya mikoko nchini ni hifadhi, na kukata mti wake bila kibali ni kosa. Hata tawi la kujikongojea.

Nitaona nini katika mikoko? Kwangu yote ni miti ya aina moja.

Si ya aina moja, na kuijifunza hakuchukui muda. Mkoko wenyewe unautambua kwa mizizi inayoshuka kutoka shinani na kujipinda hadi topeni, kama miguu ya kigoda. Mchu ni ule wenye majani ya rangi ya kijivujivu kwa chini na vijizizi vyembamba vilivyosimama wima juu ya tope, nao huvumilia chumvi kiasi cha kuota hata pale ambapo mingine imeshindwa. Mlilana hupenda kuwa mbele kabisa, uso kwa uso na bahari. Mkandaa ni mfupi na hukaa nyuma. Magome yake yalitumika tangu zamani kutia rangi na kutengeneza ngozi. Mkomafi una matunda ya duara makubwa kama yai la mbuni au zaidi, ambayo hupasuka na kumwaga mbegu zenye pembe.

Chini yake angalia kaa wenye gando moja kubwa, tondo wanaotambaa topeni, na samaki wadogo wanaorukaruka nje ya maji. Kati ya Oktoba na Aprili wapo pia ndege wageni, vitwitwi na sululu, wanaokimbia baridi ya nchi za kaskazini. Miezi mingine utabaki na yangeyange, midiria, na kunguru, ambao jiji hili halijawahi kupungukiwa nao.

Na Pugu je, kuna wanyama?

Wapo, lakini asije mtu na matarajio ya Mikumi. Msitu huu ni mabaki ya misitu ya kale ya pwani, na thamani yake iko katika viumbe wadogo: sange wenye pua ndefu wanaochakura majani makavu, tumbili, vipepeo, na komba mdogo sana wa aina ya Rondo, ambaye hupatikana katika misitu michache tu ya pwani ya Tanzania na hayupo mahali pengine popote duniani. Huyo hutembea usiku, hivyo huenda ukamsikia tu iwapo umelala kambini. Mwenye subira ya kusimama kimya ataona mengi kuliko mwenye kukimbilia kilele, na vilima vyenyewe havizidi sana mita 300, kwa hiyo kilele hakina sifa ya kukimbiliwa.

Ukipita Pugu, usiache kuitazama Shule ya Sekondari Pugu. Mwalimu Nyerere alifundisha hapo ilipokuwa chuo cha Mtakatifu Francis, mpaka alipoacha kazi mwaka 1955 ili ashughulike na TANU, na wazee husimulia jinsi alivyokuwa akitoka huko kuja mjini mikutanoni, mara nyingine kwa miguu. Anayelalamika kuhusu umbali akiwa na viatu vya mpira na chupa ya maji na alikumbuke hilo.

Je, mapango ya Pugu yanaingilika?

Yaliachwa na wachimbaji wa kaolini, kwa hiyo ni mashimo ya machimbo yasiyo na nguzo za kutegemewa, na yamejaa popo. Ushauri wetu ni kuyatazama kwa nje pamoja na mwongozaji, wala si kuingia. Popo wanaoishi mapangoni wanaweza kubeba magonjwa mabaya, na hewa ya ndani yenye vumbi la kinyesi chao si ya kuvutwa na mtu anayejali mapafu yake. Zaidi ya hayo, tamasha lenyewe liko nje: magharibi inapoingia, popo hutoka kwa wingi angani. Wenye kutaka kuliona inawabidi walale kambini au wawe wamepanga usafiri wa kurudi, kwani saa hiyo si ya kuanza kutafuta bodaboda.

Ninahitaji kibali au malipo?

Kwa njia mbili za pwani, hapana. Utalipia pantoni tu, ambayo kwa miaka mingi nauli yake kwa mtu mmoja imekuwa shilingi 200, na hulipwa kwa kadi. Kwa Pugu, ndiyo. Hifadhi iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, yaani TFS, na kiingilio hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, raia wakilipa kidogo kuliko wageni kutoka nje. Usimpe mtu fedha mkononi njiani kwa ahadi kwamba atakupitisha. Mwongozaji ni wa thamani hasa kwa mara ya kwanza, kwa sababu vijia vya wakata kuni wa zamani vimechanganyikana na vya watalii.

Kikundi kikubwa kinachokusudia kupita mitaani na mashambani, si barabarani tu, kifanye adabu ya kumjulisha mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji. Haichukui muda, na inabadilisha kabisa namna mnavyopokelewa.

Je, naweza kutembea juu ya reli ili kufupisha njia?

Hapana. Reli ya SGR imezungushiwa uzio, ina umeme wa nguvu kubwa juu yake, na treni zake zimesanifiwa kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa, hivyo ukiisikia umeshachelewa. Reli ya zamani watu wengi huifanya njia ya kila siku, hilo tunalijua, lakini mazoea ya wengi hayajaifanya kuwa halali wala salama, hususan kwenye makata, yaani pale reli inapopita katikati ya kilima kilichochimbwa, ambako hakuna pa kujitenga. Vuka kwenye vivuko tu.

Ni miezi gani inayofaa?

Juni hadi Septemba ndiyo bora: kusi inavuma, joto limepungua, na vijia vya Pugu vimekauka. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo wa vilima huteleza vibaya na bonde la Msimbazi hufurika. Kwa Pugu tunashauri kuacha kabisa. Vuli huja kwa vipindi, na mtu anaweza kupata asubuhi safi katikati yake. Desemba hadi Februari ni miezi ya jua la kuchoma, ingawa ndiyo miezi ya ndege wageni, kwa hiyo anayewataka ndege aanze saa kumi na mbili asubuhi.

Je, ninaruhusiwa kupiga picha?

Miti, ndege na bahari, piga upendavyo. Usielekeze kamera kwenye Ikulu, bandari, kambi za jeshi, matangi ya mafuta, na miundombinu ya reli. Ndiyo sababu njia ya kwanza tumeipitisha mtaa wa Samora badala ya kuzunguka Magogoni, iliko Ikulu. Watu nao waombe ruhusa, hasa wavuvi na kina mama wanaokaanga samaki Feri, ambao wamechoka kuwa mapambo ya picha za watu wengine.

Usalama ukoje?

Tembeeni wawili au zaidi, simu zikae mfukoni, na msiwe ufukweni au kwenye madaraja baada ya giza. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro mwaka mzima, na hapa kwetu giza halibishi hodi. Eneo linalohitaji uangalifu zaidi ni barabara ya kando ya bahari kati ya Ocean Road na Aga Khan wakati ambapo hakuna watu, na suluhisho lake ni kupita asubuhi wakati wakimbiaji wa mazoezi wamejaa. Mkiwa mashambani, salamu hutangulia swali: msalimie mzee kwa shikamoo, muulizane hali, ndipo uulize njia. Mara nyingi mtu aliyesalimiwa vizuri atakusindikiza hadi njia panda.

Njia hizi zinafaa watoto na wazee?

Ya Tanzanite inafaa kila mtu, na kipande cha darajani kina lami tambarare kinachopitika hata kwa kiti cha magurudumu. Ya Kigamboni ni ndefu na haina kivuli. Pugu inafaa watoto wa kuanzia miaka saba hivi, mradi mzunguko uishie bwawani.

Nibebe nini, na nitakula wapi?

Maji lita mbili kwa kila mtu, kofia, viatu vilivyofunga vidole, suruali ndefu kwa ajili ya Pugu, na dawa ya kufukuza mbu kwa ajili ya mikokoni. Chakula chako kiweke kwenye kikapu au mfuko wa kitambaa, kwa kuwa mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019. Feri utapata samaki wa kukaanga, Coco Beach utapata mihogo ya kukaanga na ya kuchoma yenye pilipili na madafu, na Kisarawe mjini wapo mama lishe. Ndani ya hifadhi usitegemee duka. Mwezi wa Ramadhani migahawa mingi hufungwa mchana, na anayekula vyake afanye hivyo pembeni.

Je, naweza kuogelea?

Si kwenye mlango wa Msimbazi, si chini ya Salenda, wala si kwenye bwawa la Minaki. Coco Beach watu huogelea maji yakiwa yamejaa, lakini kuna miamba, na maji yanayotoka mtoni hayako mbali. Sisi hutumbukiza miguu tu.

Kwa nini hamkuziweka Soga na Ruvu, wakati treni ya SGR husimama huko?

Soga tunaifikiria, kwa maana ni mashamba halisi ya minazi, mikorosho na muhogo, na barabara zake za vumbi zinafaa kutembewa na mtu asiyependa vilima. Ruvu ni suala jingine. Mto wake una mamba na viboko, na kingo zake zenye nyasi ndefu hazimpi mtembeaji nafasi ya kuwaona mapema. Anayekwenda huko aende na mwenyeji anayeujua mto, na akae mbali na maji alfajiri na jioni.

Nikikosa treni ya kurudi nifanyeje?

Kutoka Pugu, panda daladala za barabara ya Nyerere, kwa kupitia Gongo la Mboto ukihitaji kubadilisha gari. Zipo hadi usiku, ila jioni foleni ya uwanja wa ndege inaweza kukuchukua saa nzima na zaidi. Kutoka Kurasini, tembea hadi barabara ya Kilwa, ambako daladala za kurudi mjini na mabasi ya mwendokasi hupita. Kutoka Coco Beach, bajaji itakufikisha Morocco kwa dakika chache, na hapo kuna mwendokasi wa kurudi Kivukoni na Gerezani. Tiketi ya SGR isiyotumika ina masharti yake ya kubadilishwa, na ni afadhali kuyasoma kabla ya kuinunua kuliko kuyauliza treni ikiwa imeshaondoka.